Wimbo wa Mguu Mmoja

Siku sita mikono ya Mashimba ilinuka petroli, siku ya saba ilinuka sabuni. Alikuwa fundi wa injini za mitumbwi pale Mwaloni, Kirumba, na Jumapili alikuwa mwalimu wa kwaya katika kanisa moja dogo la Pasiansi, ambalo mvua ikipiga bati lake mchungaji hunyamaza mpaka ipite. Miaka kumi na moja aliifundisha kwaya ile bila makelele. Watu thelathini na wawili, sare za zambarau, kinanda kimoja chenye vitufe viwili vibovu. Wakimaliza kuimba walikaa, na yeye akakaa nyuma yao karibu na mlango, ambako hata mchungaji alikuwa hamwoni vizuri. Akaridhika. Au alidhani ameridhika, maana mtu asiyewahi kuonja asali ni rahisi kujisifu kwamba hapendi tamu.

Neno lililomwangusha lilikuwa dogo, na lilitoka kinywani mwa mama muuza dagaa.

Ilikuwa baada ya Pasaka. Mtu mmoja alikuwa ameirekodi kwaya kwa simu na kuisambaza, na kwa siku chache Mwaloni nzima ilikuwa inausikia wimbo wa Mashimba kwenye mifuko ya watu. Siku moja, ameinama juu ya injini, ndege korongo wanatembea kati ya magunia kama askari wanaotafuta mtu, akaja mama mmoja mzee aitwaye Ng'washi, akasimama mbele yake na beseni kichwani.

"Wewe ndiye yule wa kwenye simu? Anayerusha mikono?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mtoto wa nani?"

"Wa Shigela."

"Shigela yupi? Yule wa Magu?"

"Huyo huyo."

Mama Ng'washi akalitua beseni chini. Akamtazama Mashimba toka viatuni mpaka kichwani, polepole, kama mtu anayetazama ng'ombe mnadani.

"Basi mnamkosea jina," akawaambia waliokuwa karibu. "Huyu siyo mwalimu wa kwaya. Huyu ni ningi."

Shaibu, mchuuzi wa sangara na rafiki wa Mashimba, akacheka mpaka akashika kiuno. "Mama, angalia! Huyo ni mtu wa Yesu, atakukemea sasa hivi udondoke na dagaa wako."

"Anikemee. Damu haikemewi."

Ningi, kwa Wasukuma, ni kiongozi wa ngoma. Ndiye anayetunga, ndiye anayetangulia, na zamani alitembea na watu nyuma yake kama mtemi. Baada ya mavuno maningi wawili walikutanishwa kwenye uwanja mmoja, huyu ncha hii na yule ncha ile, wakapiga wote kwa pamoja. Hakukuwa na mwamuzi. Watu ndio waliokuwa waamuzi, na waliamua kwa miguu: walikokimbilia wengi, huko ndiko ushindi. Ili kuwavuta watu walitumia dawa, na walitumia matusi. Ningi alimwimba mwenzake kilema chake, umaskini wake, hata kifo chake, na watu wakaanguka chini kwa kicheko.

"Hayo ya zamani, mama," Mashimba akasema. "Mimi ni mtumishi tu."

Alisema hivyo kwa mdomo. Jioni, ananawa mikono nyuma ya nyumba, alijikuta analitamka lile neno peke yake, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu kiatu kipya chumbani.

Tangu hapo kiti chake kikaanza kusogea. Jumapili moja kilikuwa katikati ya ukumbi, Jumapili ya pili kikawa mbele, ya tatu kikawa kinawatazama waumini. Akashona suti nyeupe yenye vifungo vya dhahabu. Mazoezi ya kwaya, ambayo zamani yalianza kwa sala ndefu na kuisha kwa sala fupi, yakaanza kwa fupi na kuisha bila sala. Waimbaji walimsikia Shaibu akimtania kwa jina lile, nao wakalichukua, na yeye hakuwakataza. Dorcas, mkewe, alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili na hakuwa mtu wa kuficha neno.

"Baba Sabina," akamwambia siku moja wakitoka ibadani, "siku hizi ukisali unafumbua jicho moja."

"La nini?"

"La kuhesabu watu."

Mashimba akacheka. Hakuambiwa tena, lakini tangu siku ile alisali amefunika uso kwa viganja.

Baba yake, mzee Shigela, aliishi nao, kwenye chumba cha uani. Mzee huyu alikuwa Mkristo wa miaka arobaini na zaidi, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akiimba. Kanisani alisimama na wenzake, akafungua kitabu, akachezesha midomo bila kutoa sauti. Wageni walidhani ni bubu. Sababu Mashimba aliijua, aliambiwa na marehemu mama yake mara moja tu, na akaonywa asimuulize mzee.

Ujanani Shigela mwenyewe alikuwa ningi, na alikuwa na mshindani aliyeitwa Kashindye, mtu mwenye sauti nzuri na mguu mbovu. Mwaka mmoja Kashindye alimnyang'anya watu wote uwanjani, na Shigela, kwa uchungu, akatunga wimbo hapo hapo: *Mguu mmoja umeshafika kaburini, wa pili unasikia mwenzake anaita.* Aliimba huku akichechemea. Watu wakamrudia kama mafuriko. Kashindye mwenyewe alicheka, maana ngoma ni ngoma. Lakini mtama haujaingia ghalani, Kashindye akafa, na alikufa kwa mguu ule ule. Siku ya tatu ya matanga watu wakaja kwa Shigela na mbuzi, wamemfunga utepe mwekundu shingoni. Walikuja kumpongeza. Kifo kilimtisha Shigela kidogo. Aliyemtisha hasa ni yule mbuzi. Kabla ya wiki kuisha alikwenda misheni kuomba ubatizo.

Sasa, Mashimba alikuwa anaijua sauti ya wimbo ule, maana mama yake aliuimba kidogo kwa sauti ya chini siku ile ya kumsimulia, kisha akafunika mdomo. Na sauti ile ilikuwa tamu. Ilipanda kama mtu anayepanda mawe kwa haraka, halafu ikateremka ghafla. Mwaka huo ilipotangazwa kwamba kutakuwa na tamasha la kwaya za kanda, Mashimba aliitoa pale ilipokuwa imelala, akaivalisha maneno mapya. *Shetani, mguu wako mmoja umeshafika kaburini.* Yaliyobaki hakuyagusa.

"Sauti hii umeitoa wapi?" Dorcas akamuuliza kwenye mazoezi. "Inanisisimua mwili, na siyo vizuri."

"Imenijia kwenye maombi."

Hilo ndilo lililokuwa kosa la kwanza lenye jina. Mengine mpaka hapo yalikuwa kama magugu maji, yanaelea tu, hujui yametokea mto gani.

Tamasha lilifanyika kwenye uwanja mmoja wa shule kule Kirumba, Jumamosi, kwaya sita. Mpaka saa tisa zilikuwa zimebaki mbili, Pasiansi na Kamanga, na juu ya ziwa lilikuwa limesimama wingu jeusi lenye tumbo. Mshereheshaji akaogopa mvua. Badala ya kuzipandisha jukwaani kwa zamu, akaziweka moja ncha hii ya uwanja na nyingine ncha ile, ziimbe kwa kupokezana haraka haraka. Kijana yule alikuwa mgeni, mtu wa Dodoma, hakujua alichokifanya. Lakini wazee wa Kisukuma waliokuwa pale walitazamana. Makundi mawili, ncha mbili, watu katikati. Mmoja akavua hata koti.

Kwaya ya Kamanga ilifundishwa na Mwalimu Revocatus, mzee wa miaka sitini na tano. Huyu ndiye aliyemfundisha Mashimba muziki. Mashimba akiwa kijana, anajifunza ufundi kule Kamanga ng'ambo ya maji, alikwenda kwake kila jioni, akafundishwa do re mi ukutani kwa kipande cha mkaa, akikosea anachapwa vidoleni kwa tete. Hakumlipisha chochote. Sasa Mwalimu alikuwa na ugonjwa wa sukari, mguu wa kushoto umefungwa bendeji mpaka gotini, anatembelea fimbo. Asubuhi walisalimiana.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Suti hiyo! Nilidhani ni bwana harusi amepotea njia." Akamshika bega. "Leo nitakupiga, Mashimba. Halafu tukanywe chai."

Kamanga wakaanza. Hawakuwa na kinanda wala spika, waliimba kwa koo tu, sauti nne, taratibu. Revocatus alielekeza kwa kidole kimoja. Watu walianza kusogea kule bila kujua wanasogea. Pasiansi wakaimba wimbo wao, spika zikapiga kelele, watu wakarudi nusu. Kamanga wakaimba wa pili, na uwanja mzima ukaenda. Mashimba akatazama mbele yake akaona nyasi zilizokanyagwa, na mchungaji wake, na mwanamke anayeuza maandazi, na huyo naye anajitwika sinia aondoke.

Akajisikia kama mtu aliyevuliwa nguo. Akamwashiria mpiga kinanda.

Ile sauti ilipopanda, mama Ng'washi aliyekuwa ng'ambo ya uwanja aligeuka kama aliyeitwa kwa jina. Wazee wakageuka. Wengine hawakuwa wameusikia wimbo ule kwa miaka arobaini, lakini miguu yao ilikuwa inaukumbuka. Wakaja. Kwanza wanatembea, halafu wanakimbia, na vijana wakawafuata bila kujua kwa nini, na vumbi likainuka. Mashimba aliwaona wanakuja kwake na kifua chake kikafunguka kama mlango. *Shetani, mguu wako mmoja umeshafika kaburini!* Wakapiga kelele. Wakataka tena. Akawapa tena. Wakataka zaidi, na zaidi ilikuwepo moja tu.

Ubeti wa tatu aliuimba kwa Kisukuma, maneno ya baba yake yale yale. Mahali pa Shetani akatia *Mwalimu*. Akanyoosha kijiti chake cha kuongozea kwaya kule ng'ambo, kwa mzee aliyeegemea fimbo, kisha akachechemea hatua tatu.

Uwanja ukalipuka. Watu walianguka chini kwa kicheko. Dorcas aliacha kuimba, akabaki amefumba mdomo kwa kiganja. Kule ng'ambo waimbaji wa Kamanga walitaka kujibu, wakaanza kujipanga kwa hasira, lakini Revocatus aliinua kidole chake kimoja na wakanyamaza. Alisimama tu anamtazama Mashimba, kama mwalimu anayetazama daftari ambalo mwanafunzi amelichorachora. Halafu mvua ikaja, na kila mtu akatafuta pa kukimbilia. Chai haikunyweka.

Nyumbani mzee Shigela alikuwa ameshaonyeshwa video na jirani. Mashimba alipoingia uani, amelowa, alimkuta baba yake amesimama katikati ya chumba, mabega yanatikisika. Alidhani analia. Haikuwa hivyo. Mzee alikuwa anacheza. Macho yamefumbwa, mikono imekunjwa kifuani, mabega yanakwenda kwa ule mdundo wa zamani, na usoni ana tabasamu ambalo mwanawe hakuwahi kuliona maishani. Alipofumbua macho akamwona Mashimba, tabasamu likazimika.

"Ulikuwa unamwimba nani?"

"Shetani, baba."

"Shetani hana mguu mbovu. Ulikuwa unamwimba nani?"

Mashimba akainama, akaanza kuvua viatu vilivyolowa.

"Kesho asubuhi panda feri," mzee akasema, akiketi, pumzi zinamwishia. "Lililoimbwa mbele za watu halifutwi chumbani. Simama mbele za watu, umwambie nimekosa, Mwalimu. Maneno mawili, basi."

"Baba, sisi ni watu wa wokovu. Wimbo hauui mtu."

"Nimesema unaua? Nimesema nenda." Mzee alikuwa anaifuta mikono yake kwenye magoti, kama iliyoshika kitu. "Mimi sikwenda kwa Kashindye. Nilisema kesho. Kesho yake nikaalikwa ngoma mahali, na watu walikuwa wengi."

Mashimba akasema atakwenda. Na alimaanisha. Lakini kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ya kwaya. Jumatatu alialikwa redioni. Jumatano kanisa moja la Nyakato lilimwomba aje kufundisha. Jumapili ibada ilijaa mpaka watu wakasimama madirishani, na mchungaji, ambaye zamani alisahau hata kutangaza jina lake, akasema Mungu ameinua mtu. Wiki ya pili ikaja habari kwamba Mwalimu Revocatus amelazwa, mguu umeharibika. Wiki ya nne amerudishwa nyumbani, alikataa kukatwa. Dorcas alimkumbusha, halafu akaacha kumkumbusha, akawa anamtengea chakula na kuondoka.

Hapo ndipo Mwaloni ilipobadilika. Wenye mitumbwi walianza kumpisha njia. Akimwambia mtu njoo Alhamisi, mtu anakuja Alhamisi, hagombani. Mama Ng'washi hakumtania tena, alimsalimia kwa magoti, mama wa rika la mama yake. Siku moja akaja Venant, tajiri wa mitumbwi sita, akavuta ndoo akaketi karibu sana.

"Mwalimu, nina jirani yangu, ananisumbua kwa kiwanja. Mtu mbaya sana. Ana pumu."

"Sasa?"

"Sasa... si unajua. Wimbo mfupi tu. Hata beti mbili."

Mashimba alimfukuza. Alimrushia hata tambara lenye mafuta, na Venant akaondoka akicheka kwa woga, akiangalia nyuma. Shaibu, aliyekuwa anasikiliza, hakucheka.

"Umemfukuza," Shaibu akasema. "Vizuri. Ila ulimsikiliza mpaka mwisho, ndugu yangu."

Ilikuwa kweli. Na ilikuwepo nyingine ambayo Shaibu hakuijua. Kila asubuhi Mashimba aliwauliza watu waliovuka kutoka Kamanga: "Mwalimu anaendeleaje?" Watu walimsifu kwa moyo wake mwema. Asubuhi moja mpagazi mmoja akamjibu, "Leo nafuu kabisa, ameketi nje anaota jua." Mashimba akasema Bwana asifiwe, akainamia kazi yake. Alikuwa ameshika kabureta mkononi, anaipuliza. Na ghafla akaona kwamba moyo wake umeshuka. Umeshuka kama ndoo iliyokatika kamba. Alikuwa amesikia habari njema na moyo wake ulikuwa unasikitika.

Akabaki na kabureta mdomoni. Akarudi nyuma siku moja, siku mbili, wiki, akaona ni hivyo hivyo kila asubuhi. Walipomwambia hali mbaya, alifanya kazi vizuri. Walipomwambia nafuu, alikuwa mkali kwa watu. Alikuwa hamwulizii mzee. Alikuwa anangoja. Mzee akipona, wimbo ulikuwa wimbo tu, na yeye ni fundi wa injini mwenye suti. Mzee akifa, basi hakuna mtu katika kanda nzima atakayesimama ncha ya pili.

Aliweka kabureta chini, akapiga magoti pale pale kwenye mafuta na magamba ya samaki, mbele za watu, bila kujali, na hiyo ilikuwa sala yake ya mwisho ya kweli. Alisema, "Yesu, nitoe humu." Akamwambia Dorcas jioni hiyo: kesho Kamanga. Dorcas alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki nyingi.

"Nenda na shati lako la kazi," akamwambia. "Usivae ile suti."

"Nitakwenda kwa mwalimu wangu kama mtu wa gereji?"

Akavaa suti. Na akawaambia waimbaji wawili tu, wamsindikize. Wawili wakawaambia wawili. Asubuhi kwenye feri walikuwa ishirini na sita, wamevaa zambarau, na abiria wanawapiga picha. Dorcas aliwatazama, akamtazama mumewe, akakaa upande wa pili wa chombo, peke yake.

Mwaka huo maji yalikuwa juu. Ziwa lilikuwa limekula bustani za watu kando kando, na miti ilikuwa imesimama majini imekauka, ndege wamekaa juu. Mbele, kuelekea Sengerema, wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wamepanda kutoka majini kama nguzo ya moshi mweusi, inatembea polepole juu ya maji, na feri ilipopita pembeni yake watu walifumba midomo na macho. Mashimba hakufumba. Alikuwa anarudia maneno mawili. *Nimekosa, Mwalimu. Nimekosa, Mwalimu.* Aliyarudia mpaka yakawa na mdundo, na alipoona yana mdundo akaogopa, akaacha.

Teodora, mke wa Revocatus, aliwapokea mlangoni. Hakuwa na furaha wala hasira, alikuwa amechoka.

"Karibuni. Ila wote hamtaenea. Aingie mwenyewe na mkewe."

Chumbani kulikuwa na harufu ya dawa, na chini yake harufu nyingine. Mzee alikuwa amelala chali, amekonda, shuka limeinuka kwa fremu juu ya mguu usiguswe. Dirisha lilikuwa wazi. Macho yake yalikuwa yale yale.

"Mashimba. Umekuja na kijiji?"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Dorcas, mwanangu, hujambo? Sauti yako ya pili siku ile ilikuwa safi mpaka ulipoiacha. Na ulifanya vizuri kuiacha." Akapumua. "Haya, Mashimba. Wewe hukuja kunitazama mguu. Sema."

Mashimba alifungua mdomo. Na hapo, dirishani, akaona vichwa. Sare za zambarau, na nyuma yao majirani, na watoto wamebebwa mabegani, na watu zaidi wanakuja kutoka barabarani kwa sababu wamesikia yule wa kwenye simu amefika. Mbele za watu, alivyosema baba yake. Hakuna siku ambayo watu wangepatikana vizuri kuliko siku ile. Maneno mawili yalikuwa yamekaa ulimini, yamekamilika.

Mtoto mmoja akasema, "Ndiye huyo!"

"Nimekuja kukuombea, Mwalimu," Mashimba akasema.

Dorcas akageuza uso.

Akaomba. Alianza chini, kwa sauti ya kweli, lakini ilipofika kwenye sentensi ya tatu watu wa dirishani walisema "Amina", na ile Amina ikamshika chini ya kwapa ikamwinua. Sauti ikapanda. Maneno yakaja mazuri, yamepangana, yenye vituo. Alimtaja Mungu wa maji na mawe. Alitaja unyenyekevu, akautaja vizuri sana, mpaka mwanamke mmoja nje akalia. Aliposema Amina ya mwisho jasho lilikuwa linamtoka na mikono yake ilikuwa hewani.

"Umemaliza?" Revocatus akauliza.

"Nimemaliza."

"Sasa sema ulichokuja kusema."

Mzee akangoja. Alingoja kama alivyokuwa anangoja zamani, tete mkononi, mwanafunzi apate noti mwenyewe, hamsaidii. Alitaka kusaidia, ilionekana, midomo yake ilianza kuumba neno, lakini hilo ni neno ambalo mtu hawezi kuimbiwa na mwingine.

"Mungu ni mwema, Mwalimu," Mashimba akasema.

"Ndiyo, ni mwema." Mzee akafumba macho. "Teodora, nifungie dirisha, nasikia baridi. Nenda, Mashimba. Feri itakuacha."

Nje watu walimshika mikono. Wengine waliigusa suti. Dorcas hakutoka naye, alibaki ndani. Jua lilikuwa kali, na ile nguzo ya wadudu ilikuwa imefika nchi kavu, wanaingia masikioni na puani, watu wanajipunga kwa khanga na kucheka.

"Mwalimu, tuimbieni mmoja kabla hamjaondoka," bibi mmoja akaomba. "Wa kumtia mgonjwa nguvu."

"Aa, mama, mgonjwa apumzike."

"Mmoja tu!"

"Mmoja!" wakasema wote.

Waimbaji walikuwa wameshajipanga, bila kuambiwa, kwenye uwanja mdogo mbele ya nyumba. Mashimba akawatazama. Akawatazama watu. Walikuwa wengi kuliko alivyodhani, wamefika mpaka kwenye kona, na bado wanakuja. Wimbo wa kumtia mgonjwa nguvu siyo dhambi, akajiambia. Akainua mikono. Wakaanza wa zamani, wa polepole, mmoja wa zile ambazo Revocatus alimfundisha kwa mkaa ukutani, na yeye akauongezea mwendo kidogo, halafu kidogo tena, maana watu walikuwa wanataka kupiga makofi.

Walipofika ubeti wa pili, sauti ya mwanamke ikapanda kutoka ndani ya nyumba, juu kabisa, ndefu. Ikafuatwa na ya pili, na hiyo ya pili Mashimba aliijua, ilikuwa ya Dorcas. Vigelegele, akawaza. Moyo ukamjaa. Hata ndani umewafikia.

Waimbaji wa mbele walinyamaza kwanza. Halafu wa kati. Watu wakaanza kuvua kofia, mmoja mmoja. Mashimba alikuwa amewapa mgongo watu na nyumba, amefumba macho, na kwa mkono wa kushoto alikuwa anawaashiria wale wa ndani wapandishe sauti zaidi.